Masikio ya Kepteni

"Milioni tatu za kuziba masikio?" Baba mdogo aliuliza, kisha akageuka kuwatazama wengine ili wacheke pamoja naye. "Si tumnunulie pamba? Pamba ipo hapo dukani, mia tano tu."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ingawa nilikuwa upande wa mshitakiwa. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe wa nyumbani kwetu Pasiansi, kando ya ile barabara inayotoka mjini Mwanza kwenda kiwanja cha ndege. Kikao cha ukoo. Vikao vyetu kwa kawaida ni vya harusi, misiba na mashamba. Siku hiyo ajenda ilikuwa moja tu, tena nusu ya wajumbe hawakuweza kuitamka: hedseti.

Mwenye shida alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa kama bwana harusi aliyekosa mahari. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, amekulia kwetu. Mtaa mzima unamwita Kepteni, ingawa kazini kwake bado ni rubani msaidizi wa ndege ndogo ya injini moja, ile ya viti kumi na ushee inayovuka ziwa kwenda Bukoba na kurudi.

"Kwani hapo kazini hawana hivyo vifaa?" Mama mkubwa aliuliza.

"Vipo, Mama. Ila ni vya wote, na vimechoka."

"Sasa vilivyochoka havisikii?"

"Vinasikia. Tatizo ni mimi ninayevivaa."

Jibu hilo halikumsaidia hata kidogo. Mwisho mwenyekiti wa kikao, mzee asiyependa kuchelewa chakula, akaninyooshea fimbo yake. "Wewe dogo si ndiye mwandishi humu ndani? Andika barua. Waliopo na wasiokuwepo wasome, waelewe. Tukielewa tutachanga. Tusipoelewa, pamba."

Ndugu msomaji, tangu nimalize kidato cha nne nimejaza kaunta buku nne kwa riwaya ambayo hakuna binadamu aliyeisoma. Hiyo barua ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya uandishi kuagizwa na mtu. Usiku ule sikulala.

*

Barua ya kwanza ilijaa kurasa tatu. Nilianza na "Enyi ndugu wa damu moja," nikapita kwa tai arukaye juu ya mawingu, nikamtaja babu yetu aliyewahi kutembea kwa miguu mpaka Shinyanga, nikamaliza kwa machozi. Nilijiona nimeua. Asubuhi nikampa Kepteni huku nimekunja mikono, nikisubiri kusifiwa.

Alisoma mpaka mwisho. Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Dogo, hii ni riwaya. Hakuna hata bei. Hakuna hata hiyo hedseti yenyewe ikoje. Hujui unachokiandika."

Iliniuma, sikufichi. Iliniuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Tumekulia chini ya njia ya ndege. Wakubwa zetu hapa Ilemela wanasimulia enzi za Ilyushin, yale madege makubwa yaliyokuja kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Ndiyo yaliyoonekana kwenye ile filamu ya mwaka 2004 iliyozua maneno mengi kuhusu Mwanza. Yalikuwa yakipaa, mwalimu ananyamaza na chaki mkononi mpaka yapite. Kwa hiyo nilidhani kelele ya ndege naijua. Kumbe naijua kutoka chini, na kutoka chini kelele inapita. Sikuwa nimewahi kukaa ndani yake.

"Keshokutwa fundi anajaribu injini baada ya matengenezo," Kepteni alisema. "Nikuombee ruhusa?"

*

Kabla sijafika kwenye injini, nieleze kwanza habari ya Baba, maana bila yeye haya mengine hayaeleweki.

Kepteni alisomea urubani Nairobi, kiwanja cha Wilson, ambako shule za urubani ni nyingi. Ada yake huhesabiwa kwa dola, na kila saa ya kuruka ina bei. Leseni ya kufanyia biashara hudai takriban saa 200 hewani. Ng'ombe wa babu waliuzwa. Kiwanja cha Igombe kiliuzwa. Kilichobaki kililipwa na mashine ya kusaga ya Baba, iliyokuwa ikinguruma nyuma ya nyumba yetu toka alfajiri hadi magharibi, mahindi na udaga, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mbawa za Kepteni zilitoka mle.

Na masikio ya Baba yalibaki mle.

Hatukugundua mara moja. Tulidhani ana dharau. Unamwambia, "Baba, Mama amefika," anajibu, "Amepika nini?" Tukawa tunacheka, ikageuka mzaha wa nyumbani. Mtu akifika, tunauliza amepika nini. Daktari wa masikio ndiye aliyetukatizia kicheko. Alituambia kwamba ndani ya sikio mna vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyoipokea sauti na kuipeleka ubongoni. Kelele huvilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Mwanzoni huinuka tena. Ndiyo maana ukitoka disko masikio yanalia, kesho yake umepona. Ukivilaza kila siku, vinakufa. Na vikifa havioti tena, hakuna dawa. Huanza kufa vile vya sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo f, s, sh na th. Mtu anabaki anasikia kwamba unasema, ila hasikii unachosema.

Kuna jambo jingine. Mwaka mmoja alipita bwana afya, akamwachia Baba vikinga vya masikio, vile vya plastiki kama vikombe viwili vyenye utepe wa kichwani. Baba alivivaa siku tatu. Vilibana. Vilitoa jasho. Vumbi la unga lilichanganyika na jasho likawa ugali mle ndani. Siku ya nne akavitundika kwenye msumari. Mashine tuliishaiuza, lakini vikinga vilibaki palepale, vina unga wa miaka hiyo.

*

Siku ya injini nilivaa shati la Krismasi. Kepteni akanipitisha getini, nikaandikwa kwenye daftari la wageni, nikakuta mzee mmoja rubani ananisubiri: mvi kichwa kizima, Mkerewe, mpole, mwenye macho ya kuchekacheka. Alikuwa na mifuko miwili ya hedseti begani.

"Wewe ndiye mwandishi? Haya, kaa hapo kulia. Usiguse kitu, hata kama kinakutazama."

Ndani ya ndege ndogo, msomaji, injini iko puani, mbele ya magoti yako, na katikati yenu pana ukuta mwembamba. Fundi akawasha. Kwanza ulikuja mluzi mkali wa tabaini, ukapanda mpaka nikahisi meno. Halafu pangaboi likashika hewa, na mngurumo mzito ukanikamata kifuani. Nilikuwa sijavaa kitu masikioni. Mzee aliniacha hivyo makusudi kwa muda mfupi. Nilimwona akisema neno. Sikusikia hata silabi. Nikaona mdomo wa mtu unafunguka na kufunga, nami natikisa kichwa na kutabasamu kijinga. Ghafla nikajua nimemfanana nani. Hivyo hivyo ndivyo Baba anavyotabasamu kwenye harusi.

Akanivika hedseti ya kwanza, ya David Clark, ile ya vikombe vya kijani ambayo marubani wa dunia nzima wanaijua tangu miaka ya sabini. Hiyo inazuia kelele kwa ubishi tu: vikombe vigumu, sponji ndani, mito ya jeli inayokumbatia sikio, na utepe wa chuma unaokaza. Mluzi ukakatika kama umefungiwa mlango. Sauti ya Mzee ikaingia sikioni, safi. Lakini ule mngurumo mzito ulibaki, mbali kidogo, kama ngoma ya kijiji cha pili.

Akanivua, akanivika ya pili, nyepesi zaidi, yenye kisanduku kidogo cha betri kwenye waya. "Bonyeza hapo."

Nikabonyeza. Injini ikahama. Sina namna nyingine ya kusema. Ilikuwa palepale, naiona inavyotetemesha kioo, lakini mngurumo wake ulikwenda zake. Nikageuka kumtazama Mzee kama mtoto aliyeona kiini macho.

Alinieleza tuliposhuka, akichora mchangani kwa kijiti. Sauti ni mawimbi. Umewahi kusimama Igombe mitumbwi miwili ikipishana? Mawimbi ya huyu yanakutana na ya yule. Mgongo ukikuta mgongo, maji yanapanda. Mgongo ukikuta bonde, maji yanalala tuli. Basi ndani ya kikombe cha hedseti ile kuna kipaza sauti kidogo kinachosikiliza kelele, na mtambo unaotengeneza papo hapo wimbi la kinyume chake. Penye mgongo, unaweka bonde. Kelele mbili zinakutana mlangoni mwa sikio lako, zinauana. Hila hii inaziweza hasa sauti nzito, za pangaboi na injini. Zile nyembamba bado huzuiwa na kikombe chenyewe na mto wake. Ndiyo maana hata hedseti ya betri, mto wake ukipasuka, ni hasara.

Nikauliza swali nililoliona la maana: rubani akizimiwa kelele namna hiyo, injini ikiharibika atajuaje? Mzee akacheka. "Mitambo ya kuipima iko mbele ya macho yangu. Kengele za hatari nazisikia vizuri kuliko zamani. Na injini ikikohoa, nitaijua kwa makalio kabla ya masikio."

*

Kepteni yeye alinionyesha ile ya kazini, ya wote. Mito yake ya sponji ilikuwa imekauka na kupasuka, imezungushiwa tepe. Utepe wa kichwani ulikuwa unabana kama koleo.

"Nusu saa ya kwanza sina neno," alisema. "Ikipita hapo, utosi unaanza kuwaka. Nikivaa miwani ya jua, na juu ya ziwa huwezi kuruka bila miwani, mikono yake inanichoma hapa panapopiga mshipa. Mito inaachia mwanya, kelele inaingia. Basi nafanyaje? Naachia sikio moja. Nasogeza kikombe kimoja nyuma, kichwa kinapumua. Nachagua kichwa, napoteza sikio. Safari nne, tano kwa siku."

Akanyamaza kidogo. "Jioni nikifika nyumbani masikio yanalia. Zamani yalinyamaza kabla sijalala. Siku hizi nalala nayo, naamka nayo."

Nilikumbuka vile vikinga msumarini, na mambo yote yakajipanga kichwani mwangu. Sisi kikaoni tulidhani anaomba raha. Kumbe raha ndiyo kinga yenyewe. Kifaa kisichokaa vizuri kichwani hakivaliwi, na kinga isiyovaliwa ni pambo la ukutani. Baba hakukosa kinga. Alikosa kinga anayoweza kuishi nayo kutwa.

Nikatoa daftari, safari hii nikaandika mambo yanayohesabika. Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi wa afya kazini wanasema desibeli 85 mtu avumilie saa nane kwa siku, si zaidi. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili: 88, saa nne; 91, saa mbili; 94, saa moja tu. Ndege ndogo nyingi zinapita 85, na wakati wa kupaa zipo zinazokaribia 100.

Nikaandika habari ya redio. Mwongoza ndege akitoa maelekezo ya kimo au mwelekeo, rubani huyarudia ili kuhakikisha amesikia sawa. Tena namba zina matamshi yake maalumu: tano ya Kiingereza hutamkwa "faifu" na tisa "naina", kwa sababu redioni zile mbili zinafanana, na tano ikigeuka tisa angani si mzaha. Mwaka 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana ardhini wakafa watu 583. Sababu zilikuwa kadhaa, na mojawapo ni maneno ya redioni yaliyopandana yakageuka mluzi, wahusika wasisikie walichohitaji kusikia.

Na nikaandika jambo ambalo Mzee alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa: rubani hupimwa masikio kila baada ya kipindi. Asiposikia, leseni iko mashakani. Leseni ikienda, ng'ombe, kiwanja na mashine vimekwenda nayo.

*

"Sasa unachaguaje?" nilimuuliza Mzee, maana madukani hedseti ziko nyingi na zote zinang'aa.

"Anayenunua ni kichwa," alisema. "Macho yakae kimya."

Alinihesabia kwa vidole. Kwanza, uivae muda mrefu. Dakika mbili dukani kila hedseti ni tamu. Subiri nusu saa, bora saa nzima. Pili, uivae na vitu vyako: miwani yako, kofia yako, nywele zako. Mto laini wa jeli huzunguka mkono wa miwani, mgumu huacha mwanya. Na miwani yenyewe iwe na mikono myembamba. Tatu, usidanganywe na uzito peke yake. Nyingine ni karibu nusu kilo lakini imegawanya uzito vizuri, nyingine nyepesi inabana kama deni. Nne, joto. Kiwanjani, mlango umefungwa, jua la Mwanza juu, sikio linatoka jasho; kuna vifuniko vya kitambaa, navyo ni bei ndogo. Tano, ncha za waya: ndege za kawaida hutumia plagi mbili, helikopta nyingi hutumia moja. Wapo walionunua, wakafika uwanjani, haiingii. Sita, kipaza sauti kisimame karibu kabisa na mdomo, la sivyo kinabeba kelele kuliko neno. Saba, vipuri. Mito ikikauka lazima ibadilishwe, kwa hiyo uliza inapatikana wapi kabla hujatoa pesa. Nane, kama ni ya betri, betri zikiisha bado ikuwezeshe kusikia redio, na uwe na nyingine mfukoni. Betri huisha katikati ya ziwa, siyo nje ya duka.

Usiku nilisoma zaidi, nikakuta hila ile ya mawimbi ilianza kwa kukereka. Mwaka 1978 Amar Bose, mhandisi wa Marekani ambaye baba yake alitoka India, alikuwa ndani ya ndege akitoka Zurich. Alivaa vipokea sauti asikilize muziki, kelele ya ndege ikaumeza. Akaanza kupiga hesabu humo humo ndegeni. Mwaka 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia bila kutua, siku tisa ndani ya ndege finyu iitwayo Voyager, walivaa hedseti za majaribio za kampuni yake kuokoa masikio yao. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani. Miaka 11, kutoka kukereka mpaka dukani. Nilifikiri juu ya kaunta buku zangu nne, nikaona nisilie sana.

*

Barua ya pili sikuiandika siku hiyo. Niliiandika baada ya msiba.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa kijijini Magu. Habari iliingia kwenye simu ya mdogo wangu wa mwisho, ana miaka kumi na moja. Baba alikuwa uani anagongelea mguu wa stuli. Baba mdogo alikuwa amekuja kuazima baiskeli. Mtoto akatoka mbio mlangoni, analia, akasema kitoto, bila kuzunguka:

"Baba, Bibi amekufa!"

Baba akainua uso. Akatabasamu. Bibi alikuwa hamwachi mjukuu mikono mitupu.

"Amekupa nini?" akauliza. "Michembe?"

Hakuna aliyecheka. Mtoto akabaki amesimama. Akalazimika kulisema tena, kwa kupiga kelele, sikioni kabisa, na kwa jinsi alivyopiga kelele majirani walijua habari ya msiba kabla ya mtoto wa marehemu. Niliuona uso wa Baba ukibadilika. Kisha nikamwona Baba mdogo ameegemea ukuta, ameshika baiskeli, anautazama ule msumari.

Baada ya matanga nikaandika mistari tisa tu. Ndege inatoa desibeli ngapi. Anaruka saa ngapi. Hedseti ya sasa inabana, anaachia sikio moja. Masikio yanalia usiku. Vinywele vikifa havioti. Rubani asiyesikia hana leseni. Ya betri, mpya na nzuri, ni zaidi ya dola 1,000, karibu milioni tatu. Ya kawaida, nzuri, ni kati ya dola 300 na 400. Mstari wa tisa: *Mliokuwepo siku ya Bibi, mlimsikia Baba.*

Nilimsomea mwenyekiti. Hakusema imeandikwa vizuri wala vibaya. Alisema, "Leteni daftari la mchango."

*

Ilipatikana milioni moja na laki moja. Waliotoa laki walitoa, waliotoa elfu mbili walitoa. Ya betri haikufikika. Kepteni akapanda basi kwenda Nairobi siku zake za mapumziko, akaingia dukani na miwani yake ya jua usoni, akavaa hedseti tatu, moja baada ya nyingine, nusu saa kila moja, akitembea huku na huku mpaka muuzaji akaanza kumwonea wasiwasi. Ile nzuri kuliko zote kwa sura ilimchoma utosini dakika ya ishirini. Aliiacha. Alirudi na ya vikombe na mito ya jeli, bila betri, yenye vipuri vinavyopatikana.

Tukaenda kumwonyesha Mzee. Aliikagua, akaingiza mkono mfukoni, akatoa vijipande viwili vya sponji laini, vidogo kama ncha ya kidole. "Hizi chini yake. Unaminya, unaingiza sikioni, inavimba yenyewe. Halafu unavaa hedseti juu, unaongeza sauti ya redio kidogo. Tulifanya hivyo miaka mingi kabla ya betri."

Nilipomsimulia Baba mdogo alisimama wima. "Nilisema nini? Nilisema pamba!"

Nikamweleza kwamba pamba ya dukani haizuii kelele, hii ni sponji maalumu, ni kitu kingine kabisa. Hakunisikiliza. Mpaka leo anasimulia kwamba suluhisho lilikuwa lake. Alichanga laki mbili, mwache asimulie.

Jioni hiyo Baba aliomba kuiona. Akaigeuzageuza kama mtu anayekagua kipuri, akaminya mito kwa kidole gumba, akaivaa. Tulikuwa uani sote. Bodaboda ilipita barabarani inalia, watoto wanapiga kelele, jirani kafungulia redio. Baba akatulia. Akatutazama mmoja mmoja, akisubiri.

"Sasa tofauti iko wapi?" aliuliza, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Mbona ni kulekule?"

Kepteni akageuza uso pembeni. Baba akaivua taratibu, akamvika yeye, akaikalisha vizuri juu ya masikio kama unavyomfunga mtoto kilemba.

"Inakubana?"

Kepteni akatikisa kichwa.

"Basi vaa. Yote mawili."

Halafu akaingia nyuma ya nyumba. Nilimkuta amevitoa vile vikinga kwenye msumari, anavipangusa unga kwa shati. Akanipa nivipeleke Nyakato, kwa kijana aliyenunua mashine yetu.

"Mwambie sponji za ndani zimekufa, atafute nyingine. Vikimbana, avilegeze. Vikimtoa jasho, aweke kitambaa." Akafikiri kidogo. "Mwambie asivitundike."